Titaniamu ya Kwale na Nyota Inayojificha

Mwishoni mwa Desemba, kaskazi ikiwa imeshika na mvua za vuli zimekwenda zake, mtu akilala chali juu ya mkeka pale Ramisi, Kwale, mnamo saa mbili na robo usiku, atakuwa anatazamana uso kwa uso na nyota ambayo huenda haioni. Ipo karibu utosini hasa, imekosea utosi kwa kipimo cha kama upana wa miezi mipevu mitatu iliyopangwa sambamba. Kwa sehemu kubwa ya mwaka jicho tupu likitazama hapo hukuta weusi mtupu. Kisha siku moja weusi huohuo hutoa nukta nyekundu, ikakua wiki hata wiki, ikashindana na nyota ambazo kila baharia anazijua, halafu ikaanza kurudi ndani ilikotoka.

Jina lake ni Mira. (Wasomaji wa Mombasa tulieni, sikusema miraa.) Ni neno la Kilatini, maana yake ya ajabu, na aliyeipa ni Johannes Hevelius, mtazamaji nyota wa Danzig, mwaka 1662. Wataalamu huiweka katika kundi la majitu mekundu: nyota zilizozeeka, zikavimba, zikapoa na kugeuka rangi ya kaa. Na kwa kuwa mwanga wake hupanda na kushuka, ni nyota badilifu. Ndiyo ya kwanza ya aina yake kujulikana, hata nyota nyingine zote zenye tabia hiyo zimeitwa kwa jina lake, kama vile ukoo mzima unavyobeba jina la babu mmoja.

Mara ya kwanza nilipoitafuta sikuipata. Niliacha barabara ya Lunga Lunga, nikatafuta mahali penye giza kando ya mashamba ya miwa, mbali na taa za hoteli za Diani ambazo hata kutoka Msambweni huonekana zimepaka anga la kaskazini rangi ya maziwa. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli alisimama akaniuliza nimepoteza nini. Nikamjibu natafuta nyota. Akatazama juu, akaniangalia, akaniambia hizo zote, nichague ninayotaka. Nilirudi nyumbani na alama za mbu, bila nyota, na swali lililonikaa: inazimwa na nini?

Jibu, nilipolipata, lilinirudisha Kwale.

Lakini kwanza aliyeiona. Agosti mwaka 1596, mchungaji wa kanisa huko Frisia, pwani ya kaskazini ya Ujerumani, aitwaye David Fabricius, alikuwa anapima mahali ilipo sayari moja akitumia nyota ya jirani kama alama. Mwaka huo ndio ambao Wareno, baada ya miaka mitatu ya kukata matumbawe, walikuwa wanamaliza ngome yao ya Mombasa tunayoiita Fort Jesus. Fabricius akagundua kuwa ile nyota aliyoitumia kama alama inazidi kung'aa. Baadaye ikafifia, na kufikia Oktoba haikuonekana tena. Akadhani ni nyota iliyozuka ikafa, jambo lililokwisha kuonekana mwaka 1572. Mwaka 1609 akaiona tena mahali palepale. Hakuishi kulifumbua fumbo hilo. Mwaka 1617 alimsema hadharani kanisani mtu aliyemshuku kumwiba bata bukini, na mtu huyo akamuua kwa sepetu. Mholanzi Johannes Holwarda ndiye aliyeifuatilia mwaka 1638 akatambua kwamba nyota hii haifi, huenda na kurudi kwa ratiba ya miezi kama 11. Leo tunaihesabu siku 332 hivi, ingawa Mira haina adabu ya saa ya ukutani: mzunguko mmoja huchelewa, mwingine huwahi, na kilele cha mwaka huu si lazima kifikie cha mwaka jana.

Kwa Wazungu wa enzi hiyo lilikuwa jambo zito, maana walikuwa wamefundishwa kuwa mbinguni hakuna kinachobadilika. Kwa mkulima wa pwani yetu, aliyezoea kupanga jembe lake kwa kuzama na kuzuka kwa Kilimia, mbingu zilikuwa na shughuli zake siku zote.

Mira iko mbali kiasi cha miaka ya nuru 300, kwa hiyo mwanga unaotua Ramisi usiku huu uliianza safari takriban siku zile Wareno walipokuwa wanatimuliwa Mombasa kwa mara ya mwisho. Uzito wake haupishani sana na wa Jua letu. Kilichopishana ni mwili. Ungeliondoa Jua ukaiweka Mira mahali pake, ingezimeza Utaridi, Zuhura na Dunia yenyewe, na Mirihi ingekuwa inachungulia ukingoni. Uzito uleule umetandazwa katika tumbo pana zaidi ya mara 300, kwa hiyo ngozi ya nje ni nyembamba kuliko hewa tunayopumua. Ndani kabisa mna kiini kidogo cha kaboni na oksijeni, jivu la moto wa zamani, kikizungukwa na maganda mawili, la heliamu na la haidrojeni, yanayopokezana kuungua. Jua letu nalo litafika huko, baada ya miaka bilioni 5 na zaidi.

Kupumua kwa Mira kunaeleweka vyema jikoni. Chukua sufuria ya kunde yenye kifuniko chepesi. Mvuke hujikusanya, hukiinua kifuniko, hupenya, nguvu ikaisha, kifuniko kikaanguka, mvuke ukaanza kujikusanya upya. Katika nyota kifuniko ni tabaka la haidrojeni lililo mbali kidogo chini ya ngozi, ambamo atomu ziko katikati ya kuvunjika na kuungana. Tabaka hilo likibanwa huzuia joto lisitoke. Joto likizidi hulisukuma nje, likipanda hupoa na kuliachia joto, kisha huporomoka. Kunde huchukua sekunde moja. Mira, siku 332.

Hapa ndipo hesabu inapokataa. Ukiijumlisha nguvu yote inayotoka Mira, pamoja na joto lisiloonekana kwa macho, hupungua na kuongezeka mara mbili au tatu tu. Lakini mwanga unaoonekana kwa macho hushuka mara mia mbili na zaidi, na katika mizunguko mikali hupita mara 1,000. Nyota inaendelea kuwaka karibu vilevile, sisi ndio tunaonyimwa. Sehemu ya sababu ni kwamba, ikivimba na kupoa, Mira hutoa zaidi joto kuliko nuru, kama jiko la makaa unaloweza kulihisi gizani kabla hujaliona. Sehemu nyingine, iliyo kubwa, ni titaniamu.

Uso wa Jua una joto la digrii 5,500 hivi. Katika tanuri kama hilo ni vigumu kwa molekuli kuishi, kwani atomu zikishikana hutenganishwa. Mira ina digrii zisizofika 3,000, na hupungua zaidi inapokuwa imetanuka. Katika ubaridi huo, kama unaweza kuuita hivyo, atomu ya titaniamu huikamata atomu moja ya oksijeni, na kinachozaliwa ni mlafi wa nuru. Molekuli hii hunywa mwanga wa njano, wa machungwa na mwekundu kwa mafundo makubwa. Haihitajiki nyingi. Chembe chache zilizotawanyika katika anga ya nyota zinatosha kushusha pazia. Padri Angelo Secchi aliyaona mapengo hayo meusi katika mwanga wa nyota nyekundu akiwa Rome katika miaka ya 1860, bila kujua yanatokana na nini. Mwaka 1904 Alfred Fowler wa London aliyalinganisha na mwanga wa titaniamu maabarani, na yakalingana.

Sasa rudi Kwale. Kaskazini mwa Ramisi, huko Nguluku na Maumba, kampuni ya Base Titanium ilichimba vilima vya mchanga mwekundu tangu mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024. Kilichotoka humo kilikuwa ilmenite na rutile, madini yanayobeba titaniamu, pamoja na zircon. Yalipelekwa Likoni, yakapakiwa melini, yakaenda nchi za nje kugeuzwa hasa kuwa unga mweupe. Kuta nyeupe unazoziona, karatasi inayong'aa, hata weupe wa dawa ya meno, kwa sehemu kubwa ni titaniamu iliyoshikana na oksijeni mbili. Mira inafunikwa na titaniamu iliyoshikana na oksijeni moja. Tofauti ni atomu moja ya oksijeni: ya hapa ndicho kitu cheupe kuliko vyote dukani, na ya kule hufunika nyota ikawa nyeusi.

Kwa miaka 11 tuliizungumza titaniamu kwa lugha ya fidia, ajira na mrabaha, na ilikuwa haki iwe hivyo. Waliohamishwa mashamba hawakuhitaji somo la nyota. Lakini nakiri inaniuma kidogo kwamba watoto wa Msambweni walikua wakiyaona malori ya madini hayo yakipita kila siku, na hatukuwaambia kwamba jina lililoandikwa ubavuni mwa lori limeandikwa pia juu ya vichwa vyao.

Na si titaniamu peke yake. Zircon ina zirkoniamu, na hadithi yake ni nzuri zaidi, kwa sababu majitu mekundu hayaivai tu, yanaipika. Katika lile ganda la heliamu, joto linapozidi kwa vipindi, hutolewa nyutroni chache chache. Atomu ya chuma iliyokuwamo tangu nyota kuzaliwa humeza nyutroni moja, ikakaa miezi au miaka, ikameza nyingine, ikanenepa ikageuka elementi nyingine, na kadhalika ngazi kwa ngazi. Sehemu kubwa ya zirkoniamu yote iliyopo ulimwenguni ilitengenezwa kwa njia hii ya subira. Mikondo mikubwa huizoa kutoka tumboni na kuipandisha usoni. Nyota inayozidi kuzeeka hivyo hubadilisha pazia: mapengo ya titaniamu hupungua, ya zirkoniamu na oksijeni hushika nafasi. Paul Merrill wa Mount Wilson, California, ndiye aliyezipa nyota hizo kundi lao mwaka 1922.

Huyohuyo Merrill mwaka 1952 alikuta teknetiamu ndani ya nyota hizo. Elementi hiyo huoza yenyewe, na baada ya mamilioni ya miaka haibaki kitu. Hapa duniani watu waliipata kwa kuitengeneza maabarani tu, mwaka 1937. Nyota zile zilikuwa na umri wa mabilioni ya miaka. Kwa hiyo teknetiamu yake haikuwa urithi, ilikuwa imetoka jikoni juzi. Hadi siku hiyo wanasayansi walikuwa na nadharia kwamba elementi hupikwa ndani ya nyota, na sasa walikuwa wameona chungu kikiwa motoni.

Ukitazama magharibi kutoka Ramisi utauona mlima Mrima, msitu wa kaya ambao Wadigo wameulinda kwa miiko tangu zamani. Chini yake kuna niobiamu na yale madini adimu yanayotafutwa kwa ajili ya simu na magari ya umeme. Leseni ya kuyachimba ilifutwa na serikali mwaka 2013, kesi zikafuata, na maneno hayajaisha. Mimi najua msimamo wangu kuhusu kuchimba ndani ya kaya, lakini leo sina nafasi ya kuutetea. Ninachotaka msomaji ajue ni kwamba niobiamu ni mtoto wa zirkoniamu. Aina moja ya zirkoniamu inayopikwa ndani ya majitu mekundu huoza polepole, nusu yake ikiisha kila miaka milioni moja na nusu, na kinachobaki ni niobiamu. Mwaka 2015 Pieter Neyskens na wenzake walitumia jambo hilo kama saa. Walipima kiasi cha zirkoniamu na niobiamu katika mwanga wa nyota kadhaa, wakapata kwamba upishi wake ulianza kati ya miaka milioni moja na milioni tatu iliyopita. Mizani yao ilikuwa na sahani mbili, moja yenye kitu cha Nguluku, nyingine yenye kitu cha Mrima.

Tusije tukaivika Mira sifa isiyo yake. Zirkoniamu ya Kwale haikutoka kwake. Ilitoka kwa majitu mengine mekundu yaliyokufa kabla Jua halijazaliwa miaka bilioni 4.6 iliyopita, yakamwaga mali yake katika wingu ambalo baadaye lilijikusanya kuwa sisi. Hao ndio bibi zetu. Mira ni binamu aliyechelewa kuzaliwa, na ukimtazama unaona jinsi bibi walivyokuwa.

Umwagaji huo unaonekana. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba darubini ya anga GALEX, iliyotazama kwa miali isiyoonekana kwa macho, ilikuwa imepiga picha Mira na kukuta nyuma yake mkia wenye urefu wa miaka ya nuru 13. Nyota hukimbia angani kilomita 130 kwa sekunde huku ikivuja, na mkia ule ni mabaki ya miaka 30,000. Kiswahili kilikuwa tayari na neno nyotamkia, tukalipa kile kibonge cha barafu kinachozunguka Jua, ambacho si nyota hata kidogo. Mwenye haki na jina hilo alikuwa utosini akingoja.

Titaniamu nayo ilitoka wapi? Hasa katika nyota zilizolipuka, na mfano wa nyota inayongoja kulipuka uko karibu. Usiku uleule wa Desemba, Mira ikiwa juu, geukia mashariki kuliko na bahari: nyota tatu za mstari zinapanda, na kushoto kwake kuna nyota nyekundu yenye nguvu. Hiyo ni Betelgeuse. Waarabu waliiita yad al-jauza, mkono wa Jauza, umbo waliloliona katika nyota hizo. Mnakili wa Ulaya akakosea nukta za chini, mbili zikawa moja, ya ikageuka ba, na dunia nzima imelibeba kosa hilo hadi leo. Aliyesoma chuoni alifu kwa kijiti ataliona kosa lenyewe bila kuelezwa. Betelgeuse ni nzito kuliko jitu la kawaida, na ndiyo nyota ya kwanza, ukiondoa Jua, kupimwa upana wake. Albert Michelson na Francis Pease walifanya hivyo Mount Wilson Desemba 1920. Kati ya mwisho wa 2019 na Februari 2020 ilififia hadi karibu theluthi ya mng'ao wake, na watu wakaanza kuaga. Uchunguzi wa darubini kubwa za Chile, uliotangazwa 2021 na Miguel Montargès na wenzake, ulionyesha kwamba nyota ilikuwa imekohoa wingu la vumbi mbele yetu. Itakufa kwa mlipuko, lakini huenda ikachukua miaka laki moja, kwa hiyo usiahirishe harusi.

Sehemu ninayoipenda katika habari hii yote ni kwamba Mira haihitaji mtu mwenye mali. Darubini kubwa zina kazi nyingi na haziwezi kuikodolea nyota moja kila wiki kwa karne. Kazi hiyo imefanywa na watu wa kawaida, walimu, makarani, wastaafu, na tangu 1911 chama cha AAVSO cha Marekani kimekuwa kikikusanya makadirio yao kutoka nchi mbalimbali. Njia ni ya sokoni: unalinganisha. Ukishalala chali, tafuta nyota Menkar, iliyo mbali na utosi kwa ngumi moja na zaidi kidogo ya mkono ulionyooshwa, upande wa kaskazini-mashariki. Kati yake na utosi kuna nyota ndogo mbili. Mira ikiwa kileleni, mara nyingi mng'ao wake huwa kati ya ngazi za nyota hizo tatu. Unaamua tu ni dhaifu kuliko ipi, na ni kali kuliko ipi, unaandika na tarehe. Usiikazie macho. Nyota nyekundu ukiikodolea muda mrefu hujifanya kali kuliko ilivyo, kwa hiyo itupie jicho uondoke. Na kwa kuwa siku 332 ni pungufu ya mwaka kwa kama mwezi mmoja, kilele hutangulia kila mwaka. Kuna miaka kinapoangukia wakati nyota iko nyuma ya Jua na hakuna anayekiona.

Mtazamaji wa Ulaya huiona Mira kwa chini, kupitia hewa nene na moshi. Ramisi inaipata kupitia hewa nyembamba kuliko zote, iliyo wima juu ya kichwa. Pwani hii haikuwa ngeni kwa kazi za anga: Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru kwa sababu ya siku yenyewe, ya uhuru wa Kenya. Ramisi ilikuwa na kiwanda cha sukari hadi 1988, kikafa, miwa ikarudi miaka mingi baadaye. Giza lake halijawahi kuorodheshwa popote kama mali.

Nilirudi msimu mwingine. Safari hii nilitandika mkeka karibu na duka moja dogo, kwa sababu ya mbu na kwa sababu ya chai. Menkar niliipata mara moja. Utosini nilihisi kitu, kikapotea, nikahisi tena. Taa ya sola ilikuwa inamulika ukuta wa duka, uliopakwa karibuni rangi nyeupe, na ukuta ulikuwa unanirudishia mwanga wote machoni. Nikauinua mkeka, nikazunguka upande wa pili wa duka kwenye kivuli, nikalala tena. Ilikuwepo, nyekundu, hafifu kidogo kuliko Menkar.